Niliandika Uongo Uleule Alioniandikia

Jina na anwani ya msomaji huyu tunavyo ofisini. Ameomba visitoke, nasi tumekubali.

Wasomaji wenzangu wa ukurasa huu, mimi ni mama wa miaka thelathini na nane, mjane, nina watoto wawili, naishi hapa Dodoma mjini. Nawasoma kila wiki. Leo naleta langu, na msitegemee kukuta malaika.

Nilifanya kazi miaka kumi na mmoja katika ofisi ya utumishi ya shirika moja la umma. Mkuu wangu nitamwita Bwana M. Ilipotangazwa kwamba shirika litauzwa, aliniagiza niandae orodha ya watakaopunguzwa. Niliiandaa kwa mkono wangu, roho ikiniuma kwa ajili ya wenzangu. Iliporudi kutoka mezani kwake, jina langu lilikuwa limeongezwa mwishoni, na mbele yake pameandikwa "mtoro kazini". Utoro wenyewe ni wiki tatu nilizokaa hospitali Mvumi namuuguza mwanangu, kwa ruhusa aliyonipa yeye mwenyewe kwa mdomo. Nafasi yangu akapewa shemeji yake.

Wenzangu waliondoka na barua za kupunguzwa. Mimi niliondoka na barua ya utoro. Kila nilikoomba kazi walisoma mstari ule mmoja wakanirudishia karatasi zangu. Mzee mmoja wa Mpwapwa aliniambia kwa upole kabisa kwamba anasikitika, ila mtoro hawezi kumwajiri. Nilirudi kwenye basi nikiapa kwamba Bwana M. naye ataonja.

Aliyeniokoa ni Mama Nyemo. Alikuwa akiuza mafuta sokoni, na serikali iliporuhusu watu binafsi kufanya biashara akanunua mashine, akaanzisha kiwanda kidogo cha kukamua alizeti kule Zuzu. Alikuwa anaajiri kwa kuangalia sura na kusikiliza maombi ya ndugu, na kila mwezi anafukuza. Nilipokwenda kuomba ukarani aliisoma barua yangu, akaniuliza ilikuwaje, nikamweleza bila kumtaja mtu. Akasema, "Basi nitafutie wewe watu. Unajua uchungu wa kuonewa."

Nikaanza. Nilimkalisha chini nikamuuliza kila kazi inahitaji nini hasa, maana yeye alikuwa anataka "mtu mzuri" basi. Nikaandika matangazo, nikachambua barua, nikatunga maswali ya usaili na kukaa naye siku yenyewe, kisha nikapanda baiskeli kwenda kuuliza kwa waajiri wa zamani. Hata mtu akishaanza kazi sikumwacha mama wa watu peke yake. Mwisho wa mwezi wa kwanza na wa tatu nilikwenda kumsikiliza yeye na mfanyakazi wake. Watu wakatulia. Wafanyabiashara wengine wakaanza kuniita, na kazi hiyo ndiyo inayosomesha wanangu.

Mwaka jana Mama Nyemo akahitaji meneja wa kiwanda. Katikati ya barua nikakuta mwandiko ninaoujua. Shirika lilikuwa limeshauzwa, na Bwana M. naye ameachishwa. Nilipaswa kumwambia Mama Nyemo kwamba mtu huyu namfahamu, nikae pembeni. Sikusema.

Siku ya usaili aliingia, akaniona, akasita mlangoni. Nikamwamkia shikamoo kama zamani, akaitikia kwa sauti ndogo. Ilipofika zamu ya swali langu nilimuuliza kama amewahi kumwachisha mtu kazi kwa kumwonea. Alinitazama, akamtazama Mama Nyemo, akasema, "Hapana. Sijawahi."

Nadhani angesema ukweli pale ningeishia hapo.

Aliwashinda wote. Nikaenda kuuliza habari zake, na kila niliyemuuliza alisema ni mkali lakini hakosi kazini na chini yake hakipotei kitu. Nikarudi, nikamwandikia Mama Nyemo mstari mmoja: ni mtoro kazini, hafai. Mama Nyemo alisoma, akanishika bega, akasema bila mimi angeingia mkenge.

Maneno yakatembea sokoni, kila mwajiri akamkataa. Kila niliposikia amekataliwa mahali, siku yangu ilikuwa nzuri. Siwafichi.

Lakini aliyeajiriwa badala yake aligombana na kila mtu. Ndani ya miezi minne mafundi wawili wakaondoka, mashine moja imesimama, na yeye mwenyewe akaacha. Mama Nyemo anajilaumu, anasema labda yeye ndiye hajui kukaa na watu. Ameniomba nimtafutie meneja mwingine. Ameniambia, "Safari hii hata usaili sikai. Utakayemsema wewe ndiye huyo huyo."

Na wiki iliyopita Bwana M. alikuja nyumbani kwangu. Amekonda. Hakukaa. Alisema, "Mama, kuna mtu anasema mimi ni mtoro. Wewe tumekaa ofisi moja, unajua sijakosa hata siku moja. Niandikie barua ya kunitetea." Kuhusu wiki zangu tatu za Mvumi hakusema neno. Ama amesahau, ama anaona halikuwa jambo. Nikamjibu kwamba nitafikiria, mzee wangu. Akashukuru, akaenda.

Simwonei huruma, nisiwadanganye. Anayeninyima raha ni Mama Nyemo, aliyeniamini nikiwa na barua ile mkononi, nami nikamlipa kwa kumharibia kiwanda. Nikimweleza ukweli, atanifukuza, na wengine wote watasikia, na watoto wangu watarudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Nikinyamaza, nitaendelea kumchagulia watu huku ananiita mwanangu.

Jumatatu anataka jina. Niambieni nimpe lipi. Na kama ipo njia ya kumtendea haki mama huyu bila yule bwana kupata nafuu hata kidogo, anzeni na hiyo.