Picha Isiyokuwa ya Msiba

Jumanne saa nne asubuhi, dada mmoja anayepiga picha za harusi hapa Tabora alimletea fundi fremu picha yake mwenyewe, pana kama meza. Alikuwa amejipiga picha kwenye mlango wa zamani wa nakshi, kamera imefunika jicho moja. Nilikuwa pale nasubiri kioo changu.

Fundi aliitazama, akavua kofia, akachukua utepe mweusi.

"Pole na msiba. Tuandike jina gani la marehemu?"

"Marehemu ni mimi, baba. Andika jina langu, na chini yake 'Mpiga Picha'."

Fundi aliguna. "Binti yangu, picha kubwa hivi hutangulia jeneza. Studio weka bibi harusi."

"Maharusi nimewaweka miaka yote, wakasifiwa wao. Mimi naitwa 'Kamera, sogea huku'. Sitoki hapa bila fremu."

Fundi alirudisha utepe kwenye droo.

Mjini kwetu mtu husubiri afe ndipo atundikwe peke yake. Huyu hakuwa na muda huo.

Alhamisi picha ilikuwa juu ya mlango wa studio yake, mtaa wa Cheyo. Shangazi wa bibi harusi mmoja aliitazama, kisha akamgeukia yule dada.

"Ndiye wewe? Basi tunakutaka wewe."

Wakaingia ndani kupanga tarehe.