Nilimtafsiria mkwe wangu maneno ambayo nesi hakuyasema

Ndugu wa ukurasa huu, lificheni jina langu, lakini kisa msikipunguze. Mimi ni mama wa miaka sabini na tisa, Mkongo, ninaishi Durban tangu vita vilipotutoa kwetu. Kwetu nilikuwa mwalimu wa Kiingereza. Sasa moyo umechoka; daktari ameacha kunipa matumaini, ananipa vidonge tu. Nawaandikia ninyi nisiowajua kwa sababu mtu ninayepaswa kumwambia haya ndiye anayeniogesha.

Mwishoni mwa miaka ya tisini tulikaa watatu katika vyumba viwili vya kupanga kule Bluff: mimi mjane, mwanangu wa pekee, na mke wake. Nimwite Furaha. Mwanangu alikuwa akipakua mizigo kwenye maghala ya Clairwood. Kabla hajaoa, akirudi jioni alikaa nami, tunasoma gazeti pamoja, namsahihisha matamshi, tunacheka. Furaha aliposhika mimba mgongo ukaanza kumuuma, na mwanangu akawa anamtoa kutembea. Akitoka kazini, hata viatu alikuwa havui tena. "Maman, tunarudi sasa hivi," ananiambia akiwa mlangoni. Nilisimama dirishani nikiwatazama wanavyopanda barabara ya mlimani, amemshika kiuno, wanasimama kuangalia meli bandarini, na mwanangu anacheka kile kicheko nilichodhani ni changu. Chai niliyomwekea inapoa.

Watu hufikiri wivu ni wa wake wenza. Mimi nilimwonea wivu msichana aliyeniita maman, ambaye hakunikosea hata siku moja.

Furaha alijua Kiswahili na Kifaransa tu. Nesi wa kliniki alizungumza Kizulu na Kiingereza. Kwa hiyo kila miadi mimi ndiye niliyekuwa mdomo wake na masikio yake. Siku hiyo, akiwa amelala kitandani pale kliniki, akaninong'oneza, "Maman, umuulize kama naweza kuendelea kutembea na bwana yangu. Vile tumbo inakuwa kubwa, naogopa."

Nikauliza vizuri, kwa Kiingereza safi. Nesi akafurahi. Akasema mimba iko salama, atembee kila siku, mradi aweze kuongea bila kuhema. Nyumbani achuchumae huku ameshika kiti, anyooshe mgongo. "Na mumewe aende naye," akaongeza akicheka. "Wanaume nao wanahitaji mazoezi."

Hilo la mwisho ndilo lililonichoma. Nikamgeukia Furaha.

"Anasema uache kutembea. Ulale. Mwili wako ni dhaifu. Na usiinue mikono kuanika nguo, kamba ya kitovu itamzunguka mtoto shingoni."

Hilo la kuanika nguo nililisikia kwa bibi zetu kijijini. Nililitia kinywani mwa nesi ili uongo wangu upate sura ya kweli. Furaha akanibana mkono. "Aksanti, maman. Bila weye ningepotea hapa."

Nilidhani mwanangu atarudi kwenye kiti chake. Hakurudi. Alikaa kitandani kwa mkewe, anamkanda miguu, anamsimulia vituko vya ghalani, nami nawasikia wakicheka upande wa pili wa ukuta, gazeti nimelishika mwenyewe. Wivu ukazidi. Miadi iliyofuata nesi akauliza mbona uzito umepanda hivi, hatembei? Nikamjibu, "Nimemwambia sana, hataki. Ni mvivu." Nesi akamtupia Furaha jicho kali. Furaha, maskini, akamtabasamia.

Uchungu ulikuwa mrefu, wakaishia kumpasua. Kama ni kwa sababu yangu, sijui. Hakuna daktari aliyesema hivyo, na wanawake wanaotembea nao hupasuliwa. Ninachokijua ni kwamba Furaha alirudi nyumbani akiamini mwili wake hauwezi. "Nesi aliona mapema," alikuwa akisema. Mwanangu alitamani watoto wengine, yeye akakataa kwa hofu. Wakabaki na binti mmoja tu, Aline. Mwanangu alifariki miaka michache iliyopita bila kujua.

Sasa Aline ameolewa, anakaa Queensburgh, ana mimba yake ya kwanza. Daktari amemwambia atembee na afanye mazoezi. Mama yake amekuwa mkali kama moto. Juzi waligombana kwenye simu, sauti ya Aline ikisikika wazi, nikiwa nimelala hapohapo.

"Ulale, mwanangu! Mimi niliambiwa na nesi mwenyewe!"

"Eish, maman, hiyo ni ya zamani. Daktari wangu anasema nitembee."

"Muulize bibi yako basi. Yeye alikuwepo, alisikia kwa masikio yake. Jumapili njoo umuulize."

Aline sasa amesimamisha matembezi, anasubiri neno langu. Na niseme lote, maana nakufa: kuna sehemu ndani yangu iliyofurahia ugomvi ule. Mama na binti hawa siku zote walikuwa wanatosheana. Aline akipiga simu, mimi napewa salamu za mwisho. Leo wote wawili wananihitaji.

Nikisema kweli, Aline atatembea, lakini Furaha atajua ni nani aliyemnyima watoto wengine, na mimi sina mtu mwingine duniani. Nikinyamaza, nitakufa nikiitwa maman.

Kila asubuhi Furaha hunishika kiwiko, ananitoa kitandani hadi barazani. Mimi hulalamika. Leo pia nimelalamika. Akanicheka: "Tembea kidogo, maman. Nani alikudanganya kama kulala ni dawa?"

Jumapili ni keshokutwa. Nyinyi mlio na mama wakwe, na nyinyi mlio mama wakwe, niambieni: nianzeje kumjibu?