Tausi wa Kukanyagwa

Siku yangu ya kwanza kazini, msimamizi wa karakana ya vitambaa kule Tottenham alinipa kiti kirefu na meza, nami nikaketi sakafuni. Haikuwa jeuri. Mkono wangu ulijifunzia kazi ya kuchora chini, kwenye baraza yetu ya Mombasa, ambako mama, Mgujarati asiyewahi kuingia darasa la sanaa, alibana unga wa mchele kwa vidole viwili na kuuachia kidogo kidogo hadi tausi akatokea mlangoni. Msimamizi aliguna kwamba mkaguzi akija asinikute hivyo, kisha akaniletea mto.

Ninyi mnaochorea kwenye kompyuta mtanicheka. Sisi kabla ya rangi tulitia msingi, yaani tulipaka turubai chokaa na gundi ili isinywe rangi yote. Mimi niliongeza udongo mwekundu, maana tausi wa mama ukiwaweka juu ya weupe mtupu wananuna. Baadaye nilihamia Kilburn kufundisha watu wazima, nikaanza kuuza picha zangu, nikaitwa mchoraji wa kisasa wa Kihindi. Huo usasa wote niliutoa barazani kwa mama, lakini nani aliniuliza?

Katika nyumba nyingine za Kihindi wageni huuruka mchoro wa mlangoni. Kwetu walikaribishwa waukanyage. Mama alisema mchoro ukibaki mzima hadi jioni, basi siku hiyo hukutembelewa na mtu.

Jumba moja la maonyesho katikati ya jiji liliponialika, nilichora tausi wa unga mlangoni pao. Mkurugenzi, mwanamke mpole, akamzungushia kamba.

"Huyu ni wa kukanyagwa," nilimwambia.

"Ni mzuri mno," alijibu. "Wageni watapitia mlango wa nyuma."

Wakapitia huko. Walinisifu sana usiku ule, nami nikarudi nyumbani nikalia, kwa sababu nilikuwa nimewakaribisha kwetu na hakuna aliyeingia.

Nimestaafu kwa kuwa magoti yamegoma kushuka. Hata hivyo Diwali iliyopita, sikukuu yetu ya taa, hapa Ilford, nilishikilia mlango nikashuka hivyo hivyo, nikachora tausi mlangoni kwa ndani, nikamngoja binti yangu. Alifika akasimama nje na mfuko wa matunda. Nilimwambia aingie, akanyage tu. Kiswahili anakielewa, ila hujibu kwa Kiingereza.

"I can't, Mum. Look at it."

"Mwanangu, huyu nimeichorea miguu yako."

Akacheka, akamruka kwa adabu zote, akanikumbatia. Tulikula, tukazungumza vizuri, na alipoondoka akaruka tena.

Nilibaki nikimtazama yule tausi, mzima hadi kucha, nikawa na hamu na mama. Kisha nikavua kandambili, nikamzunguka kwa kuegemea ukuta hadi nje kwenye korido ya jengo letu. Nikapiga hodi kwangu mwenyewe, nikaingia nikimkanyaga.