Fundi Cherehani Aliyeachana na Mto

Wiki hii nilikuwa nimekusudia kuwaandikia juu ya barabara ya Bangale, ambayo kila mwaka huahidiwa lami na kila mwaka hupata vumbi jipya. Barabara itasubiri, imezoea. Jumanne asubuhi nilipigiwa simu kutoka Garsen na mzee mmoja ambaye nilipanga chumba kwake enzi zile nilipokuwa mwandishi wa habari wa mashinani. Hakunijulia hali. Alisema, "Yule jirani yako, fundi cherehani, amefariki. Presha. Tunazika Alhamisi." Kisha akaongeza: "Kama utamwandika, uandike vizuri safari hii." Nikamwambia nimesikia. Akakata simu.

Maneno hayo ya mwisho yana historia yake, nami sina budi kuieleza maana hainipi sifa yoyote. Nilimwandika mama huyu kabla sijamfahamu. Ilikuwa habari ya mistari minne: mwanamke wa Garsen ajeruhiwa na mamba alipokuwa akiteka maji mtoni, akatwa mkono wa kulia, yuko hospitalini. Habari ikatoka gazetini, nikaikata na gundi nikaibandika kwenye daftari langu, nikasahau. Baada ya miezi miwili, mchana mmoja, mlango wangu ukabishwa hodi. Nilipofungua nilimkuta mwanamke wa makamo, mrefu, kajifunga leso mbili, mkono wake wa kushoto umeishia chini kidogo ya kiwiko. Akaninyooshea kipande cha gazeti kwa mkono wa kulia.

"Wewe ndiye uliyeandika haya?"

"Ndiyo, mama."

"Umeandika mkono wa kulia."

Nikautazama mkono wa kulia. Ulikuwapo, umeshika gazeti.

"Samahani, mama. Niliambiwa hivyo."

"Hukuja kuuliza," akasema. "Mimi ni fundi cherehani. Tangu habari hii itoke, wateja wamepeleka vitambaa vyao kwingine. Wanasema fundi asiye na mkono wa kulia atakata nini? Wa kushoto ningewaambia naweza."

Nilijitolea kuandika masahihisho. Gazeti likanijibu kwamba halina nafasi. Basi nikafanya lililobaki katika uwezo wangu: nikampelekea suruali zangu zote tatu azipunguze, ijapokuwa hazikuwa ndefu. Nilitembea Garsen mwaka mzima vifundo vya miguu vikionekana. Ndivyo ujirani wetu ulivyoanza.

Kisa chenyewe alikuja kunisimulia baadaye, akiwa kwenye cherehani, bila kuinua macho. Alikwenda mtoni asubuhi na mtungi wa lita ishirini, kama alivyokwenda tangu utotoni. Kiangazi kilikuwa kimeuteremsha mto, ikabidi aingie mpaka magotini ndipo mtungi ujae. Mamba akamshika. Hatua chache kutoka hapo, mfugaji mmoja wa Kiorma alikuwa akiwanywesha mbuzi wake. Hawakujuana. Mtu yule aliingia majini na fimbo yake, akampiga mnyama machoni, akampiga tena, mpaka akaachia. Kisha akakivua kilemba chake akamfunga nacho, akambeba hadi barabarani. Mkono haukupona, lakini mwenyewe alipona. "Mto ulitaka mkono, nikaupa," alinieleza, huku akikanyaga cherehani. "Tumemalizana. Sitaki tena neno nao."

Ni rahisi kutamka kwamba hutaki neno na mto. Garsen, maji yote ni mto kwa namna moja au nyingine. Bomba la mtaa lilitoa maji siku lilipojisikia. Maji yaliyoletwa na mikokoteni ya punda yalitekwa palepale alipoumia. Wanawake wenzake walimwambia asisumbuke, watampelekea binti zao wakateke kwa niaba yake. Alikataa. Alisema kumtuma mtoto wa mtu mtoni ili yeye anywe chai ni sawa na kuupa mto mkono mwingine usio wake. Wakamwona ana kiburi. Mimi pia nilimwona hivyo, maana nilikuwa nikimtuma mtoto wa mtu kila siku.

Alichofanya ni kutazama juu. Nyumba yake ilikuwa ya vyumba viwili, paa la mabati, na kila mvua iliponyesha, maji yote ya paa yalimwagika uani yakachimba shimo la kuku kuogea. Akamwita fundi wa mabati akamkunjia mfereji, akaufunga ukingoni mwa paa kwa waya. Akaanza kutafuta mapipa. Alikuwa na utaratibu mmoja tu wa kuchagua pipa: aliingiza kichwa ndani akanusa. Pipa la mafuta ya kupikia, sawa. Pipa la sharubati, sawa. Mtu mmoja wa sokoni alimpa bure pipa zuri la bluu lililokuwa na dawa ya kuogeshea mifugo, akamrudishia siku hiyohiyo. "Kupe wenyewe hawakupona humo," alimwambia, "mimi nitapona?" Akayapandisha mapipa juu ya mawe, akayatia koki chini, akayaunganisha kwa bomba ili la kwanza likijaa limwagie la pili. Midomo ya mapipa aliivika vitambaa alivyoshona mwenyewe: tabaka mbili za khanga kuukuu za kuchujia, na juu yake chandarua ili mbu wasipate mahali pa kulea watoto. Alikuwa amejifunza kubana kitambaa kwa kile kigutu cha mkono na kusukuma kwa mkono mzima. Pindo zake zilinyooka kuliko za mafundi wenye mikono miwili, kwa sababu hangeweza kufanya haraka hata angetaka.

Nilipomwomba anielekeze nami niweke pipa, alinielekeza, na mwisho akanionya: mvua ya kwanza baada ya kiangazi usiikinge, iache ioshe paa kwanza, ndipo ulete pipa. Niliitika kwa heshima. Mvua ya kwanza ilipokuja nilisimama dirishani nikitazama maji mazuri yakimwagika ardhini baada ya miezi saba ya ukame, nikaona huo ni upotevu ambao mtu aliyesoma hawezi kuuvumilia. Nikasukuma pipa. Likajaa. Nikanywa, nikapika chai, nikamkaribisha mwenye nyumba naye akanywa. Siku tatu zilizofuata mimi na mwenye nyumba tulikutana mara nyingi sana njiani, kwa kuwa choo kilikuwa kimoja. Siku ya pili jirani yangu alikuja na uji wa chumvi kwenye chupa. Akanimiminia, akangoja nimalize.

"Unajua umekunywa nini?" akauliza.

"Maji ya mvua."

"Umekunywa miezi saba ya kunguru."

Hakunicheka. Ningependelea anicheke. Lakini ni lazima niseme kwamba ugonjwa wangu ulifanya kazi ambayo maneno yake hayakuweza: mtaa mzima ulijua kwa nini maji ya kwanza humwagwa, na masika yaliyofuata nyumba nne zilikuwa na mifereji. Yeye ndiye aliyewashonea vifuniko.

Halafu ukaja ule ukame ambao wenyeji wa Tana hawahitaji kukumbushwa. Malisho yaliisha, mifugo ikasogea mtoni, na kati ya mifugo na mto kuna mashamba. Mahindi ya watu yakaliwa, ng'ombe wa watu wakakatwa, na kufumba na kufumbua watu waliouziana maziwa na ndizi kwa miaka mingi wakawa hawasalimiani. Mama huyu alikuwa Mpokomo, wa ukoo wa wakulima, na shamba la kaka yake lilikuwa mojawapo ya yale yaliyoliwa. Alikuwa na mapipa sita. Wakati huo manne yalikuwa matupu.

Adhuhuri moja tulikuwa uani kwake, mimi, yeye na mwenye nyumba wangu, tulipomwona mtu amesimama nje ya ua. Hakuingia. Ni yule mfugaji wa mtoni. Alikuwa amekonda, na fimbo yake ameiegemeza mbali kidogo kwenye ua, makusudi, ili tuone kwamba hakuishika.

"Mama," akaita. "Maji kidogo. Ng'ombe hapana. Mtoto. Tumbo yake naendesha siku tatu. Maji ya kule chafu sana."

Mama akainuka, akachukua mtungi, akaenda kwenye pipa la tano akafungua koki. Tulisikiliza maji yakiingia. Mtungi wa lita ishirini hujaa polepole sana watu wakiwa kimya. Mwenye nyumba hakuweza kuvumilia.

"Mama, watu watasema."

"Wakisema sana midomo itawakauka. Waje nao niwape."

"Lakini mtu huyu ni wa upande ule."

Alifunga koki kwanza, maana hakuwa mtu wa kuongea maji yakimwagika. Ndipo akauinua mkono wake wa kulia mbele ya uso wa mwenye nyumba, akamgeuzia kiganja na mgongo wake, kama muuzaji anayeonyesha kitambaa.

"Na huu nao ni wa upande ule," akasema. "Bila yeye ungekuwa tumboni mwa mamba, na mimi mwenyewe nikiwa nyuma yake. Kaupime mpaka basi, uone unaishia wapi."

Mama akaubeba mtungi hadi nje ya ua, akamweleza mfugaji ayachemshe maji, atie chumvi na sukari kidogo, ampe mtoto kwa kijiko. Akamwambia arudi kesho. Alirudi kesho, na keshokutwa, na siku nyingine nyingi, wakati wa adhuhuri na jua kali, mbele ya macho ya mtaa. Watu walisema, kama ilivyotabiriwa. Kaka yake hakuja kwake kwa muda mrefu. Usiku mmoja au mchana mmoja mtu angeweza kuyatoboa yale mapipa kwa kisu, na sote tulilijua hilo, naye alilijua kuliko sisi. Hakuweka mlinzi. Pipa la tano likaisha, akaanza la sita, akawa anaoga kwa bakuli. Mvua iliporudi, pipa la mwisho lilikuwa na maji ya vidole vinne. Nilipima mwenyewe, kwa vidole vyangu.

Mtoto alipona. Mfugaji naye akaja na maziwa ya mgando kwenye kibuyu na ombi moja: alitaka kujua paa linakingaje maji. Tatizo lake ni kwamba nyumba yao ilikuwa ya nyasi, na nyasi hainywi kidogo. Wakajadiliana nusu siku. Mwishowe alisimamisha nguzo sita karibu na boma lake, akapigilia mabati juu, na asijenge ukuta wowote. Wapita njia waliuliza nani atakaa humo. Hakuna mtu aliyetarajiwa kukaa humo. Lilikuwa paa lililojengwa kwa ajili ya mapipa, na jirani yangu alisimama chini yake siku nzima akielekeza mfereji uinamishwe vipi, huku yule mfugaji akipanda ngazi na kushuka kwa amri ya fundi cherehani.

Miaka ile nilihudhuria semina kadhaa kuhusu maji. Zilifanyika hotelini, na kila mmoja wetu aliwekewa chupa ya maji mezani. Tulizungumzia mabwawa na mabomba makubwa, mambo ya maana kabisa, na ninaamini yatakuja. Katika semina mojawapo mvua ilinyesha kwa kishindo kikubwa juu ya paa hata mtoa mada akalazimika kusimama. Tulingoja ipite, ndipo tukaendelea kujadili uhaba. Niliandika habari ya semina ile, ikatoka ukurasa wa tatu na picha. Niliandika pia juu ya mafuriko, wakati Garsen ilipozungukwa na maji pande zote na watu wakakosa la kunywa. Juu ya yale mapipa sikuandika hata mstari mmoja. Nilijaribu mara moja kumweleza mhariri wangu. Akaniuliza, "Limetokea nini?" Nikafikiri, nikamjibu kwa uaminifu kwamba hakuna lililotokea.

Alhamisi nilikwenda kuzika. Mchungaji alisoma wasifu: alizaliwa, aliolewa, alifiwa na mumewe, alikuwa fundi cherehani, alipoteza mkono wake wa kushoto kwa mamba. Mkono ulikuwa sahihi, nikashukuru. Nyuma ya waumini alisimama yule mfugaji wa Kiorma, sasa mzee, na kofia yake, pamoja na binti yake, yule aliyekuwa mtoto wa kuendesha. Sasa ni mwalimu wa shule ya msingi huko Tarasaa. Wasifu ulikuwa mfupi. Mapipa hayakutajwa, na sidhani kama kuna aliyeyasahau kwa ubaya. Mapipa si jambo la kusoma kaburini.

Baada ya maziko nilipita ule mtaa kwa miguu. Nyumba kumi na moja zina mifereji. Nikamuuliza mama mmoja aliyekuwa akiosha vyombo ni lini mara ya mwisho mtu wa mtaa huu kuumwa na mamba. Alisimama, povu mkononi, akafikiri sana. Akaita jirani yake wakafikiri pamoja. "Yule marehemu," wakasema mwishowe. "Baada yake, hapana." Lilikuwa jambo jipya kwao pia, hakuna aliyewahi kulihesabu.

Mimi nimekula mkate wa habari maisha yangu yote, na mkate huo hupikwa kwa misiba. Mtu akiumwa na mamba nina mistari minne. Wasichana wa nyumba kumi na moja wasipoumwa, miaka nenda miaka rudi, sina kitu cha kupeleka gazetini, wala wao hawana wa kumshukuru, kwa kuwa hakuna ajuaye ni nani kati yao angeshikwa. Sasa naamini kwamba kazi nyingi zilizo bora duniani ziko hivyo: zikifanikiwa, hakuna kinachotokea. Nawaombeni basi, mtazame mitaani kwenu mahali ambapo kwa muda mrefu halijatokea jambo lolote baya, mkaulize ni kazi ya nani. Mkaulize akiwa angali hai.