Kitabu cha Mashairi Nilichokisafisha

Juzi, kwenye kabati la vitabu adimu vya maktaba yetu hapa Mbulu, nilikuta kitabu cha mashairi kimeandikwaandikwa kwa penseli pembeni. Kanuni inakataza kuchafua vitabu, basi nikafuta kwa raba kurasa zote, huku najisifu. Kanuni siilaumu, mimi ndiye niliyefuta bila kusoma.

Leo akaja mama mzee kutoka Tlawi.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Marehemu baba aliwapa kitabu cha mashairi. Pembeni aliandika habari za ukoo wetu, tulivyohamia Tlawi. Hakuna pengine zilipoandikwa.”

Nikamletea. Akakipapasa, akatabasamu.

“Mmekitunza vizuri, mwanangu. Macho yangu hayaoni sasa. Nisomee alipoandika baba.”

Nilifunua ukurasa, nikafunua mwingine.

“Mama,” nikasema, “nilifuta.”