Msamaha wa Mtu Anayekula Mkononi Mwako

Mwanangu, siku ninayoikumbuka kuliko zote nilikuwa nimeshika kamba, na upande wa pili wa kamba hiyo, chini kabisa ya kisima, alikuwa mtu.

Kabla sijafika huko, nikujulishe anayekusemesha, maana siku hizi kila mwenye simu anatoa nasaha. Mimi niliacha shule darasa la nne, na chuoni kwa mwalimu wa Kurani niliishia juzuu za mwanzo. Sikurithi hata kijiko. Leo ukishuka jeti ya Mtangawanda, hapa Pate, ukaona mawe na saruji vimerundikwa, ujue ni vyangu. Ukipita mtaa wa Mkomani kule Lamu ukaona nyumba ya kale imesimama tena baada ya kuanguka nusu, uliza nani kaisimamisha. Watu wanaokula kwa kazi yangu wanajaza safu ya mbele msikitini. Sijisifu, nasema yalivyo. Nakueleza haya ili nikikwambia kwamba naogopa, usidhani ni mtu wa kuogopa ovyo.

Sasa turudi kisimani. Nilikuwa kijana, ndevu ndiyo kwanza zinaota, na nilikuwa nimeajiriwa na Bwana Athmani, mjenzi mkubwa wa Lamu zama zile. Alitupeleka kisiwani Ndau kuchimba kisima. Kazi ilikuwa kukata mwamba na kushuka, kukata na kushuka. Tulipoyafikia maji yakaanza kutuzuia, basi ikateremshwa mashine ya petroli mle mle ndani iyavute ili tuendelee kuchimba. Mashine ilinguruma asubuhi nzima. Moshi wake haukuwa na pa kwenda. Ulikaa chini umetulia kama uji kwenye bakuli.

Tulipoizima, Bwana Athmani akamwambia Shee ashuke. Shee alikuwa mkubwa wetu, mtu wa Pate kama mimi, mpole, hacheki sana. Akasema kwa adabu kwamba tungoje hewa isafike, hata kama ni mpaka baada ya alasiri. Mwenye nyumba tuliyemchimbia kisima alikuwa anakuja kuangalia kazi, na Bwana Athmani hakutaka akute watu wamekaa.

Akamwambia, "Mkeo anakaa na moshi jikoni kila siku na hajafa. Wewe mwanamume waogopa moshi?"

Tulicheka. Nakiri tulicheka, kwa kuwa bosi akifanya mzaha wafanyakazi hucheka. Kisha akaongeza, bila mzaha sasa, kwamba asiyetaka kazi aende zake, vijana wa kumrithi wamejaa jeti ya Mtangawanda. Shee akatutazama mmoja mmoja. Kila mmoja akageuza uso. Akaifunga kamba kiunoni akashuka.

Ile kamba ndiyo niliyoshika mimi. Desturi yetu ilikuwa unaivuta kidogo, naye wa chini anajibu kwa kuivuta. Nikavuta, akajibu. Nikavuta tena, akajibu, lakini kwa udhaifu, kama mtoto anayevuta nguo ya mamake. Nikavuta mara nyingine. Kamba ikanyamaza.

Mwanangu, nimeona bahari ikichafuka, nimeona paa likiporomoka na watu chini yake. Sijaona kitu cha kutisha kama kamba iliyonyamaza mkononi mwangu. Nilipiga ukelele, tukamvuta wote kwa pamoja. Alitoka shingo imelegea, midomo ina rangi isiyokuwa ya mtu aliye hai. Tukamlaza kivulini, tukampepea, tukamwagia maji, hata akatapika na kufungua macho. Bwana Athmani akasema alhamdulillahi. Alisema kwa moyo wake wote, sitamzulia. Kisha akatazama jua, akatutazama sisi, na jicho lake likatua kwangu.

Nami nikashuka. Wengine wangekwambia ni ushujaa, na miaka mingi nilijitangaza hivyo barazani. Ukweli ni kwamba niliwaogopa wale vijana wa jetini kuliko nilivyokiogopa kisima. Nilipouweka mguu wangu mle ndani goti lilikuwa likigonga jiwe lenyewe kwa kutetemeka. Chini, mdomo ulikuwa na ladha ya chuma. Miguu ikawa si yangu. Juu niliona mbingu imekuwa duara dogo kama sahani ya kahawa, na nikaanza kutamka shahada, kwa kuwa nilijua nikichelewa sitaweza. Nikajaza ndoo mawe, nikajaza nyingine, nikavuta kamba. Nilipotoka Bwana Athmani akanipiga bega akasema, "Huyu ndiye mwanamume." Na mimi, kwa ujinga wangu, nikafurahi.

Usidhani alikuwa mdhalimu wa kunyima watu haki zao. Ujira alitoa siku ile ile, kabla jasho halijakauka, kama tulivyofundishwa na Mtume wetu, sala na salamu zimshukie. Hilo kila tajiri analijua na analipenda kulitaja, kwa sababu akishalifanya anadhani amemaliza. Lakini Mtume alifundisha na jingine. Wanaotufanyia kazi ni ndugu zetu ambao Mungu amewaweka chini ya mikono yetu, tusiwatwike wasiloliweza, na tukiwatwika tuwasaidie kulibeba. Hilo la pili halitajwi sana.

Miezi ikapita. Bwana Athmani akajaaliwa safari ya Hija. Unajua desturi yetu: anayekwenda Hija huzunguka kwa ndugu, majirani na aliofanya nao kazi akiomba radhi, kwa kuwa haki ya mja haifutiki mpaka mja mwenyewe aifute. Siku hiyo akatuita wafanyakazi wote kwenye stoo yake Lamu baada ya alasiri. Palikuwa na halua na kahawa. Akavaa kanzu mpya, akasema maneno mazuri, akamaliza kwa kutuomba tumsamehe kila alilotukosea. Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kuinuka. Nikambusu mkono nikasema, "Nimekusamehe, Bwana, hata hapana la kusamehe." Wakafuata wenzangu, kila mmoja anataka kulisema vizuri kumshinda mwenzake.

Shee alibaki amekaa. Bwana Athmani akamwita kwa jina. Shee akakiweka kikombe chini.

"Yeo siwezi, Bwana. Nikikataa, kesho sina kazi. Nikikubali, nimekubali kwa hofu ya njaa, na hapo hujasamehewa. Niachishe kazi kwanza, kisha uniulize."

Nilingoja Bwana Athmani afoke, kwa kuwa alikuwa na sauti ya kufokea. Hakufoka. Kikombe kilimwinamia mkononi, kahawa ikamwagikia ile kanzu mpya, naye hakuitazama kanzu. Alimtazama Shee kama mtu aliyeambiwa kuna nyoka nyuma yake. Kisha akatoka.

Njiani nilimlaumu Shee sana. Nilimwambia ametuharibia sote, kwamba sasa tutafukuzwa kwa sababu ya kiburi chake, na halua yenyewe hatukuimaliza. Yeye akaniuliza kama mimi nimemsamehe kweli. Nikasema nimesema mbele ya watu wote. Akaniuliza tena, kwa upole ule ule, kama usiku nikilala sioni tena lile duara dogo la mbingu.

Nikaharakisha hatua. Nilikuwa naliona kila usiku.

"Basi umemfungia mzigo mtupu," Shee akasema, "naye anakwenda nao mbele ya Mola wake akidhani umejaa."

Hapo ndipo iliponiingia hofu ya namna nyingine. Kisimani niliogopa kufa. Sasa niliogopa kwamba nimemdanganya mtu katika jambo la akhera yake, na kwamba siku ya kuulizwa tutasimama sote wawili, yeye na dhuluma yake, mimi na uongo wangu.

Siku ya kuondoka kwake, Bwana Athmani alikuja Pate kwa boti tangu alfajiri. Nilikuwa kwa Shee tukinywa chai nilipomwona mlangoni, macho mekundu, amevaa nguo za safari. Hakukaa. Alisema kwamba Shee kuanzia sasa si mfanyakazi wake, na kwamba mashine ya maji, kamba na ndoo ameviacha jetini, ni mali ya Shee, amsamehe asimsamehe.

Shee akamuuliza, "Na nikisema hapana?"

"Nitapanda boti vivi hivi, na nitaogopa ndia nzima."

Shee akainuka akasimama mbele yake. Kisha akasema lake amelisamehe, Mungu ni shahidi, lakini hakushuka peke yake siku ile. Akanigeukia mimi.

Bwana Athmani akaniambia, na ilikuwa kuomba zaidi kuliko kusema, kwamba mimi nilishamsamehe. Nilitaka kuitikia. Ulimi wangu ulishazoea kumwitikia. Nikajikuta nasema kwamba nilisema vile kwa kuwa yeye ndiye bosi. Akafumba macho. Akasema, "Basi na wewe nimekuachisha. Sasa nakuomba, Bwana." Alikuwa hajapata kuniita Bwana.

Na neno halikuja, mwanangu. Huko jetini nahodha alikuwa amemwonya kwamba maji yanakupwa na boti litakwama. Ndege nayo ilikuwa inamngoja kiwanjani Manda. Mimi nimesimama, kinywa wazi, naonja chuma. Akangoja, akangoja, kisha akaitika peke yake, "Haya," akaondoka. Tukamfuata nyuma mpaka jetini.

Alipofika ukingoni akanyoosha mguu kuingia botini, nikaliona goti lake. Lilikuwa likigonga ubao. Vile vile lilivyogonga goti langu siku ile, na kwa sababu ile ile: anashuka mahali asipojua kama atatoka. Hapo kitu kikafunguka kifuani mwangu, nikamwita, nikalisema lile neno. Lilitoka zito, kama jiwe linavyotoka shimoni. Alikaa chini botini akajifunika uso kwa kilemba.

Alirudi salama, na mimi sikurudi kwake. Ndivyo nilivyojitegemea. Watu husema nilianza kwa akili zangu, na kweli akili ninazo, lakini mwanzo wake ni kwamba niliachishwa kazi na mtu aliyemwogopa Mungu. Nikaungana na Shee na mashine yake, na mengine unayaona pale jetini.

Sasa mimi ndiye bosi. Nikisema jambo, vijana wangu hujibu, "Sawa bosi, haina noma." Wengine hupenda kuitikiwa hivyo. Mimi hunisimamisha malaika mwilini. Nasikia ile kamba. Sijui kama yule kijana amekubali au amenyamaza, na aliyedhulumiwa akanyamaza dua yake haina pazia mbele ya Mungu, hata kama haisemi kwa sauti, hata kama anacheka mzaha wako.

Kwa hiyo wanaokula kwangu siwaombi radhi. Mwezi wa Shaabani huwafuata walioniacha, ambao hawana haja nami tena. Nabisha hodi Lamu, Siyu, Ndau, popote, na katika hili pia sijaona tajiri wa kunishinda. Wengi husamehe. Wengine hunipa maneno ambayo sikudhani nitawahi kuambiwa, nami huyapokea nimesimama mlangoni. Na yuko mmoja huko Ndau. Mamake alipokuwa mgonjwa aliniomba ruhusa, nikamwambia amalize paa kwanza. Alimaliza paa. Alifika kwao mazishi yamekwisha. Nimekwenda kwake zaidi ya mara moja, hunikaribisha, hunipa maji, na nikimuuliza husema, "Bado." Hana hasira. Ni hilo "bado" tu. Ijumaa nitakwenda tena, na kila nikiugua homa ndogo, huyo ndiye ninayemuwaza.

Basi sikiliza, wewe uliyeajiri watu hata kama ni msaidizi mmoja wa dukani. Ujira utoe upesi, lakini usijidanganye kuwa umekwisha hapo. Mfanyakazi akikwambia ngoja, ngoja. Usimshushe mahali ambapo wewe mwenyewe hungeshusha mguu, na ikibidi ashuke, ushike kamba wewe. Mpe sala yake, mpe mgonjwa wake, mpe maiti wake azike. Usimtishe kwa wenye njaa waliokaa jetini, kwa kuwa rizki yake haitoki kwako, imepitia kwako tu. Na nawe unayeajiriwa, usimpe bosi wako msamaha wa uongo kwa ajili ya halua. Muonee huruma, mwambie kweli mapema, angali hai na anaweza kulirekebisha kosa lake.

Mungu akupe watu wa kukufanyia kazi na akupe moyo wa kuwaogopa. Akujaalie mikono isiyomwelemea mtu, na siku utakapofunga safari ile isiyo na boti la kurudi, wawepo ukingoni watakaokuita kwa jina na kukwambia lile neno kwa hiari yao. Na mimi niombee. Ijumaa haiko mbali.