Mzee Feist Alivyoozwa Sababu ya Sheria

Mzee Feist alikuwa mchuuzi wa ng'ombe kijijini kwetu, Bavaria, na hata macho yalipokufa aliendelea kubishana bei na kila apitaye dirishani, awe na ng'ombe asiwe naye. Aliishi na Recha, mjane wa mwanawe. Mimi Kreszenz nilikuwa mtumishi wao tangu usichana. Wao Wayahudi, mimi Mkristo. Jumamosi hawagusi moto, basi jiko nawasha mimi.

Mwaka elfu moja mia tisa thelathini na tano ikatoka sheria: mwanamke wa damu ya Kijerumani ambaye hajafika miaka arobaini na tano asitumike kwenye nyumba yenye mwanamume Myahudi. Eti huyo mwanamume atamharibu. Karani wetu, Oehrlein, akaja kunisomea. Mwaka mpya niwe nimetoka.

"Mwanamume gani?" nikamuuliza. "Huyu? Kijiko chenyewe anakitafutia mdomo!"

"Sheria ni sheria, Kreszenz."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Recha, umesikia? Serikali nzima inaniogopa! Marehemu mke wangu asingeamini."

Recha hakucheka. Alikuwa na mguu mbovu, na mimi sikuwa na pa kwenda. Akaitia supu chumvi mara mbili, ndipo akasema, "Baba, wamesema nyumba yenye mwanamume. Ya wanawake watupu hawakuisema."

"Unanifukuza?"

"Nakuoza."

Ng'ambo ya ua alikaa Jettchen, mjane, Myahudi mwenzao, ulimi wembe. Posa ilipomfikia akasema, "Miaka yote namngoja huyo mzee anione. Leo kapofuka ndiyo anakuja?" Lakini jioni ile ile alikuwa anajaribu gauni.

Oehrlein mwenyewe akawaandikisha. Myahudi kwa Myahudi, hakuna kosa. Akili yake haikufika mbali zaidi.

Harusi ikafanyika nje ya sinagogi, theluji imejaa. Kwao bwana harusi hurusha glasi ivunjikie kwenye jiwe la harusi lililo ukutani. Kipofu karusha, glasi ikazama thelujini, nzima. Tukaiokota. Akarusha tena, nusura ampasue rabi.

"Lete hapa!" akasema Jettchen. "Nikikungoja wewe nitakufa mjane."

Akaibamiza jiweni, paa! Watu wakashangilia, tukacheza hadi viatu vikalowa, na Recha na mguu wake katikati.

Mwaka mpya huyo karani kaja. "Mzee yuko wapi?"

"Kaolewa," nikamwambia. "Kahamia kwa mkewe."

Akachungulia jikoni, chumbani, mpaka uvungu wa kitanda. Akakuta paka, tena jike. Nikamfungulia mlango atoke, asituingizie baridi.

Nikakaa na Recha mpaka alipopata meli ya kwenda kwa kaka yake, Argentina. Wale wazee wawili walikwisha kufa kitandani kwao, bado wanagombania blanketi. Oehrlein alinisalimia kanisani baada ya vita, kama hakuna kitu. Sikumwitikia. Hata nikimkuta mbinguni, simwitikii.